Je, Wajua? Kutoka Falanksi ya Wagiriki hadi Risasi za Jasini

Je, wajua kwamba mwendo mfupi kusini ya Vanga, ukishavuka tu mpaka wa Tanzania, kulipiganwa vita vya siku mbili vilivyobadilisha namna ya kupigana katika Afrika Mashariki yote? Mahali penyewe ni Jasini, ambayo leo imo katika wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga. Zamani hizo palikuwa na shamba la mkonge la Wajerumani na kiwanda chake. Mwishoni mwa 1914 Waingereza waliteremka kwenye bonde la Mto Umba, na mwanzoni mwa Januari 1915 wakawa wameikalia Jasini. Waliojenga boma na kubaki kulilinda walikuwa askari wa Kihindi, baadhi yao wa kutoka Kashmir, chini ya Kanali Raghbir Singh.

Alfajiri ya tarehe 18 Januari alifika Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na kombania tisa. Huyu ndiye aliyewashinda Waingereza Tanga mwezi Novemba, katika vita ambavyo nyuki walitoka mizingani wakawauma askari wa pande zote mbili. Jasini alilizingira boma kila upande. Askari wa Keya, jeshi la Kiafrika la Waingereza, walijaribu kutoka kambini Umba kwenda kuwaokoa wenzao, wakazuiwa njiani. Raghbir Singh aliuawa siku ile ile. Asubuhi ya tarehe 19 waliokuwa ndani walikuwa wameishiwa risasi, wakasalimu amri.

Kwa hesabu ya kawaida, Wajerumani walishinda. Lakini hesabu aliyoifanya Lettow-Vorbeck mwenyewe baada ya moshi kutulia ilikuwa nyingine. Jeshi lake lilikuwa limetumia risasi 200,000 kwa siku mbili. Baadhi ya maafisa wake wazoefu, watu asioweza kupata wengine badala yao, walikuwa wamekufa. Yeye mwenyewe alipigwa risasi mkononi, na nyingine ikapenya kofia yake. Bahari ilikuwa mikononi mwa manowari za Kiingereza. Aliandika baadaye kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo angeweza kupigana vita vya namna hiyo mara tatu tu tena, si zaidi. Tangu hapo akaacha kutafuta mapambano makubwa ya ana kwa ana, akageukia kuvizia, kulipua reli ya Uganda usiku, na kukimbia kabla adui hajakusanyika.

Watu wa Vanga wanastahili kujua kwamba uamuzi huu ulizaliwa jirani na mashamba yao. Vitabu vingi huitaja Tanga kwa kirefu na kuipita Jasini kwa mstari mmoja. Mimi naona Jasini ni kubwa kuliko Tanga. Tanga ilimpa Lettow-Vorbeck sifa na bunduki, lakini Jasini ilimfundisha kwamba jeshi linaweza kushinda huku linaisha.

Je, wajua kwamba somo hilo hilo lilikwisha kumpata mfalme mmoja wa Ugiriki miaka karibu 2,200 kabla ya hapo? Pyrrhus, mfalme wa Epirus, alivuka bahari kwenda Italia kupigana na Warumi. Aliwashinda Heraclea mwaka 280 KK, akawashinda tena Asculum mwaka 279 KK. Mwandishi Plutarch anaeleza kwamba alipopongezwa alijibu kwamba ushindi mwingine mmoja wa aina ile ungemmaliza kabisa. Warumi walizika wafu wao na kuandikisha wengine. Pyrrhus alikuwa amepoteza makamanda na marafiki aliokuja nao, na nyumbani kwake kulikuwa mbali.

Jeshi la Pyrrhus lilipigana kwa falanksi, na hapa yafaa tutulie kidogo, maana kuanguka kwa falanksi ni mojawapo ya mambo makubwa katika historia ya vita duniani.

Falanksi ni ukuta wa watu. Wagiriki wa kale waliipanga kwa safu, mara nyingi nane kwenda nyuma, kila mtu na mkuki wa zaidi ya mita mbili na ngao ya duara yenye upana wa karibu sentimita 90. Ngao ilishikwa kwa mkono wa kushoto, hivyo ilimfunika mwenyewe nusu, na nusu ya pili ikamfunika jirani aliye kushoto kwake. Maana yake ni kwamba kila askari alikuwa hai kwa hisani ya mtu wa kulia kwake. Mwanahistoria Thucydides aliona jambo la ajabu lililotokana na hilo: jeshi zima lilipokuwa likisonga mbele, lilikuwa likiserereka upande wa kulia, kwa sababu kila mtu alijibanza kwenye ngao ya mwenzake. Ile iliyoonekana kwa mbali kuwa nidhamu ilikuwa na hofu ndani yake, na makamanda hodari walilijua hilo na kulipangia.

Philip wa Pili wa Makedonia, baba yake Alexander, aliifanya falanksi kuwa ya kutisha zaidi. Aliwapa watu wake sarisa, mkuki mrefu wa mita tano hadi sita unaoshikwa kwa mikono miwili, akawapanga kwa safu 16. Sarisa za safu tano za kwanza zilichomoza mbele ya mtu wa mwanzo kabisa. Aliyesimama mbele yake aliona nungunungu asiyekuwa na mahali pa kushikika. Mwanahistoria Polybius alipiga hesabu kwamba, kwa kuwa Warumi walisimama kwa nafasi kubwa zaidi, kila Mrumi mmoja alikabiliwa na ncha kumi za mikuki.

Sasa, kitu chenye ncha kumi kwa kila adui kilikufaje?

Dalili ya kwanza ilionekana mapema, mwaka 390 KK, karibu na Korintho. Kikosi cha Wasparta wapatao 600, askari walioogopwa kuliko wote Ugiriki, kilikutwa njiani na watu wepesi wa Iphicrates wa Athens waliobeba mikuki ya kurusha. Walirusha, wakakimbia. Wasparta wakiwafuata, hawawafikii. Wakirudi, wanarushiwa tena. Wasparta wapatao 250 waliuawa siku hiyo, na Ugiriki nzima ilishangaa, maana waliowaua walikuwa watu wa daraja la chini, askari wa kukodiwa ambao wenye ngao kubwa walikuwa wakiwadharau.

Kisha wakaja Warumi. Mwaka 197 KK, kwenye vilima vya Cynoscephalae huko Thessalia, ukungu ulikuwa umetanda na majeshi mawili yakagongana bila kupanga. Upande wa kulia wa Wamakedonia ulijipanga vizuri, ukateremka na kuwasukuma Warumi. Upande wao wa kushoto ulikuwa bado unapanda kilima, haujakaa sawa, nao ukavunjwa. Hapo afisa mmoja wa Kirumi, ambaye historia haikuhifadhi jina lake, akafanya jambo bila kuagizwa. Alichukua vikosi vidogo ishirini kutoka upande uliokuwa ukishinda, akavigeuza, akaipiga ile falanksi iliyokuwa ikisonga mbele kutoka mgongoni. Mtu aliyeshika mti wa mita sita kwa mikono miwili, kabanwa mbele na nyuma na wenzake, hawezi kugeuka. Wamakedonia waliinua sarisa zao juu, ambayo kwao ilikuwa ishara ya kusalimu amri. Warumi hawakuijua ishara hiyo, wakaendelea kuua. Polybius anataja wafu 8,000 na mateka 5,000 upande wa Wamakedonia, na wafu wapatao 700 upande wa Warumi.

Mwaka 168 KK, huko Pydna, mambo yalikwisha. Usiku wa kuamkia vita mwezi ulipatwa. Asubuhi jemadari wa Kirumi, Aemilius Paullus, mzee aliyeona vita vingi, alikiri kwamba hajapata kuona kitu cha kuogofya kuliko falanksi ile ikija. Ilikuja, ikasukuma, ikafika kwenye ardhi yenye mabonde na mawe, ikaanza kufunguka hapa na pale. Warumi wakaingia kwenye nyufa hizo kwa panga zao fupi. Inasemekana vita havikufika hata saa moja, na Wamakedonia waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Ufalme wa Makedonia ukafutwa. Polybius, tuliyemtaja, alikuwa mmoja wa Wagiriki 1,000 waliopelekwa Italia baada ya vita hivyo wakiwa mateka, na ni huko alikoandika uchambuzi wake maarufu: falanksi haishindiki ikikutana na adui mbele yake, kwenye tambarare isiyo na mto, shimo wala kichaka. Vita, akasema, havina mahali maalumu wala saa maalumu. Naamini hakuna aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko yeye, mtu wa upande ulioshindwa.

Je, wajua kwamba Wasegeju, wanaoishi leo pwani yetu ya kusini kutoka pande za Shimoni na Vanga hadi Tanga, wamo katika historia kwa kufanya jambo lile lile alilolifanya yule afisa wa Cynoscephalae? Padri Mreno João dos Santos, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1609, anasimulia jeshi kubwa la Wazimba lililopanda kutoka kusini likivunja miji. Kilwa iliangamizwa mwaka 1587. Mombasa ilifuata mwaka 1589, wakati ambapo manowari za Wareno zilikuwa zikiishambulia kwa baharini. Kisha Wazimba wakaielekea Malindi. Wareno waliokuwa hapo walikuwa wachache mno. Wazimba walikuwa wamekwisha kuufikia ukuta, na wengine wanaupanda, ndipo Wasegeju wapatao 3,000 wakatokea nyuma yao. Jeshi lililokuwa halijazuiwa na mji wowote likavunjika siku hiyo. Kwa maelezo ya dos Santos, mkuu wa Wazimba alinusurika na watu wapatao mia moja tu.

Hakuna ukuta wa watu wenye macho kisogoni. Wasegeju hawakuhitaji kumsoma Polybius ili walijue hilo.

Je, wajua pia kwamba kupatwa kwa jua kumo katika historia ya jeshi la mikuki lililosafiri umbali mrefu kuliko yote katika Afrika yetu? Wangoni wa Zwangendaba, waliotoka Afrika Kusini na mbinu za Shaka za ngao kubwa, mkuki mfupi na mpangilio wa pembe za ng'ombe, walivuka Mto Zambezi tarehe 20 Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa. Ni tukio hilo la mbinguni linalowawezesha wanahistoria kuitaja tarehe kwa uhakika. Zwangendaba alifia Ufipa miaka ya 1840, na makundi ya Wangoni yakaenea hadi Songea. Majirani zao walijifunza kutoka kwao, au walijifunza kupigana nao, na kwa miaka hamsini hivi safu za mikuki zilitawala nyanda za kusini mwa Tanzania ya leo.

Zilivunjwa na chuma. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, maelfu ya wapiganaji waliliendea boma la Wajerumani la Mahenge kwa makundi yaliyoshikamana, mchana, uwanjani. Ndani ya boma kulikuwa na bombomu mbili. Mamia walikufa mbele ya ukuta. Nikisoma habari za siku ile siwezi kuzisoma kwa haraka, kwa sababu waliosonga mbele walifanya kila kitu ambacho shujaa wa safu anapaswa kufanya: hawakuachana, hawakugeuka, waliziba nafasi za walioanguka. Ushujaa wao ndio ulioirahisishia bombomu kazi. Baada ya hapo vita viliendelea kwa kuvizia misituni, na Wajerumani wakajibu kwa kuchoma mashamba na maghala, hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi zilivyoua.

Kuna sadfa moja ya kalenda ambayo haijulikani sana. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa Mkwawa waliuangamiza msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski, uliokuwa ukitembea kwa mstari mrefu kwenye vichaka. Wahehe walikuwa karibu sana kiasi kwamba mkuki ulikuwa na kasi zaidi kuliko bunduki. Miaka minne kamili baadaye, tarehe 17 Agosti 1895, ilitekwa Mwele, ngome ya msituni ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi, hapa hapa Kwale. Aliyeiteka ni Admirali Harry Rawson, pamoja na mabaharia wa manowari za Kiingereza waliotembea bara kwa miguu. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Sultani wa Zanzibar, alijeruhiwa hapo. Mwaka uliofuata Rawson huyo huyo aliipiga mizinga kasri ya Zanzibar, na mwaka 1897 akaiteka Benin.

Kutekwa kwa Mwele hakukumaliza kitu. Mbaruk alikuwa ameponyoka. Kwa miezi minane watu wake walishambulia hapa, wakatoweka, wakatokea kule, mpaka Waingereza wakaagiza askari kutoka India. Mwezi Aprili 1896 alivuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani na wafuasi wake, na alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Mkwawa naye aliipoteza ngome yake ya mawe ya Kalenga mwaka 1894, akapigana bila ngome hadi Julai 1898. Wote wawili waliwasumbua maadui zao zaidi walipokuwa hawana ukuta wa kuulinda.

Mpaka huo ambao Mbaruk aliuvuka unaanzia Vanga. Mkataba wa 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani ulitaja mdomo wa mto ulioitwa Wanga au Umbe kuwa ndio mwanzo wa mstari unaokwenda hadi Ziwa Viktoria. Ndiyo maana vita vya Ulaya vilipozuka mwaka 1914, watu wa Vanga, Jimbo na Majoreni walikuwa mstari wa mbele kabla hawajajua kwa nini. Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka kuelekea Mombasa. Majoreni walizuiwa na kikosi cha Arthur Wavell, Mwingereza aliyewahi kuhiji Makka kwa jina la uongo, na ambaye askari wake walikuwa Waarabu wa Hadhramaut waliokuwa wakichukua maji katika mitaa ya Mombasa. Gazi nayo ilishambuliwa Oktoba. Wavell aliuawa Januari 1916, karibu na Mwele ile ile, katika shambulio la kuviziwa.

Turudi kidogo kwenye Mediterania, maana Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake hata huko. Wafalme wa Kigiriki wa Misri walituma watu pwani ya Bahari ya Shamu, Sudan na Eritrea za leo, kukamata tembo wa vita. Mwaka 217 KK, huko Raphia karibu na Gaza, Ptolemy wa Nne aliingiza tembo 73 wa Afrika dhidi ya tembo 102 wa Kihindi wa Antiochus wa Tatu, mfalme wa Syria. Tembo wa Afrika walikimbia. Polybius akaandika kwamba waliogopa harufu, sauti na ukubwa wa wale wa Kihindi. Kauli hiyo iliwatatiza wataalamu kwa muda mrefu, kwa kuwa tembo wa mbugani wa Afrika ni mkubwa kuliko wa Asia, na wengi wakakisia kwamba Ptolemy alitumia tembo wadogo wa misituni. Uchunguzi wa vinasaba vya tembo wa Eritrea uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa ni wa mbugani, jamii moja na hawa wa Shimba na Mwaluganje.

Tembo walishindwa, falanksi ikamshindia Ptolemy. Lakini ili kuijaza, alikuwa amewapa silaha Wamisri wenyeji 20,000 na kuwafundisha kupigana kwa mtindo wa watawala wao. Haukupita muda mrefu Wamisri wakaasi. Hili ndilo tatizo la falanksi ambalo husahaulika: ilihitaji watu wengi sana waliofunzwa, na wafalme wachache wa kigeni hawakuwa na watu wa kutosha wa kwao. Roma ilikuwa nao. Pyrrhus hakuwa nao. Lettow-Vorbeck hakuwa nao pia, na akiba yake ya risasi ilikuwa hivyo hivyo. Aprili 1915 meli ya Kijerumani, Rubens, ilipenya hadi ghuba ya Manza, kati ya Jasini na Tanga, ikafuatwa na manowari Hyacinth na kupigwa mizinga. Ilizama kwenye maji mafupi. Wapiga mbizi waliiopoa shehena, na risasi zilizolowa zikafunguliwa na kukaushwa moja moja.

Hivyo ndivyo vita vilivyoendelea hadi Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Mbala, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani kutangazwa Ulaya. Wanajeshi wamemsifu kwa miaka mia moja kwa kuukwepa uwanja wa vita. Wanaomsifu waulizwe gharama ilimwangukia nani. Jeshi linalohama kila siku katika nchi yenye mbung'o, isiyo na barabara wala wanyama wa kubeba, linahitaji vichwa na mabega ya watu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika kumfukuza, wengi kwa nguvu, wakiwemo watu wa pwani yetu. Kwa hesabu rasmi walikufa karibu 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Mishahara ya wengi waliofia njiani haikuchukuliwa na mtu. Baada ya vita baadhi ya maafisa wa Kenya waliiomba London fedha hiyo itumike kwa manufaa ya Waafrika. London ilikataa.